CHECHE SI KIPIMO: Kupima na Kuchaji Betri ya Gari kwa Usalama

Katika gereji nyingi, za mijini na za vijijini, fundi anayetaka kujua kama betri ina nguvu huchukua spana au kipande cha waya, akazigusanisha ncha mbili za betri kwa kitambo kifupi sana, kisha akatazama cheche zinavyoruka. Cheche zikiwa kubwa, husema betri ni nzima. Zikiwa ndogo, husema betri imekufa. Njia hiyo ni ya haraka, haina gharama, na wanafunzi wa ufundi huirithi kutoka kwa waliowatangulia. Hata hivyo ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, haipimi kile kinachodhaniwa kwamba kinapimwa. Pili, yaweza kumpofusha anayeitumia.

Makala haya yanaeleza mambo yanayotendeka ndani ya betri, jinsi ya kuipima kwa vyombo vinavyofaa, na jinsi ya kuichaji bila madhara. Mwanafunzi wa fizikia na kemia atakayeyafuata ataona kwamba kila sharti la usalama lina sababu yake katika somo analofundishwa darasani.

KILICHOMO NDANI YA BETRI

Watu wengi huifikiria betri kana kwamba ni ndoo ya kuwekea umeme: umeme humiminwa ndani, ukatumiwa, ukaisha. Fikra hiyo si sahihi. Betri haiweki umeme, bali huweka kemikali ambazo zikikutana hutoa umeme, na ambazo umeme ukipitishwa kinyume hurudia hali yake ya awali.

Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya kwanza ya aina hii mwaka 1859, kwa kutumia mabamba ya risasi yaliyochovywa katika asidi. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliiboresha kwa kuyapaka mabamba hayo rojo la oksidi ya risasi, na hivyo betri ikaweza kubeba chaji nyingi zaidi. Tangu mwaka 1912, magari ya Cadillac ya Marekani yalipoanza kuwekewa stata ya umeme badala ya mkono wa kuzungushia injini, betri hiyo imekuwa kiungo cha kudumu cha gari.

Betri ya gari ya volti 12 ina seli 6 zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Kila seli hutoa takriban volti 2.1. Ndani ya seli mna mabamba hasi ya risasi tupu yenye vinyweleo, mabamba chanya ya daioksidi ya risasi, vitenganishi vinavyozuia mabamba yasigusane, na asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Mafundi huiita asidi hiyo tindikali. Betri inapotoa umeme, mabadiliko haya hutokea:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Mlinganyo huu unaeleza mambo matatu. Mabamba ya aina zote mbili yanageuka kuwa salfeti ya risasi. Asidi inatumika na kupungua. Maji yanazaliwa. Betri inapochajiwa, mshale wa mlinganyo hugeuka: salfeti hutoka katika mabamba, maji hupungua, na asidi hurudi. Kwa hiyo nguvu ya asidi iliyomo ndani ya seli ndiyo shahidi wa kuaminika wa kiasi cha chaji kilichosalia.

KWA NINI CHECHE SI KIPIMO

Ukinzani wa ndani wa betri nzima ya gari ni mdogo mno. Tuseme ni omu 0.01. Ncha zikiunganishwa kwa spana, kanuni ya Ohm yatoa mkondo ufuatao kwa betri iliyojaa:

12.6 ÷ 0.01 = ampea 1,260

Betri iliyobakiwa na nusu ya chaji yake ina volti 12.2. Hata kama ukinzani wake umeongezeka kidogo, mkondo wake bado ni wa mamia ya ampea. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha cheche za ampea 1,260 na cheche za ampea 1,000. Aidha, ukubwa wa cheche hutegemea uchafu ulioko kwenye ncha, uzito wa waya, na jinsi mkono ulivyogusa. Hivyo fundi anayepima kwa cheche anabahatisha tu.

Mkondo mkubwa kiasi hicho waweza kuifanya spana iive moto na kushikamana na ncha, ukayeyusha pete iliyo kidoleni, na ukaunguza nyama hadi mfupani. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko hiyo haionekani kwa macho, nayo ni gesi.

GESI IZALIWAYO NA MAJI

Betri inapokaribia kujaa, salfeti iliyobaki katika mabamba ni kidogo, na mkondo unaoendelea kuingia hauna kazi nyingine ila kuyapasua maji. Haidrojeni hutoka katika mabamba hasi, na oksijeni hutoka katika mabamba chanya. Utoaji huo wa gesi huwa mwingi seli inapofikia takriban volti 2.4, yaani volti 14.4 kwa betri nzima.

Kiasi cha gesi hiyo chaweza kukadiriwa kwa sheria za Faraday. Tuseme betri iliyokwisha kujaa imeachwa ikiendelea kuchajiwa kwa ampea 6 kwa muda wa saa 1, na kwamba mkondo wote unapasua maji.

Chaji iliyopita: 6 × 3,600 = kulombi 21,600
Moli za elektroni: 21,600 ÷ 96,500 = 0.224
Moli za haidrojeni, kwa kuwa kila molekuli huhitaji elektroni 2: 0.112
Ujazo, ikiwa moli 1 ya gesi huchukua lita 24: 0.112 × 24 = lita 2.7

Hicho ni kiasi cha seli moja. Mkondo ule ule hupita katika seli zote 6, kwa hiyo betri nzima hutoa takriban lita 16 za haidrojeni kwa saa. Haidrojeni huweza kulipuka ikiwa imeshika asilimia 4 hadi 75 ya hewa. Basi lita hizo 16 zatosha kuzifanya lita 400 za hewa ziwe tayari kulipuka. Wakati huo huo betri hupoteza takriban gramu 12 za maji, na ndiyo maana betri inayochajiwa kupita kiasi hukauka.

Haidrojeni haina rangi wala harufu. Hukusanyika juu ya tindikali ndani ya seli, chini ya vifuniko, na kuzunguka betri. Cheche moja ya spana, kibiriti kilichowashwa ili kutazama kina cha maji, kibatari kilichosogezwa karibu, au sigara iliyo midomoni mwa mtazamaji, yatosha kuiwasha. Mlipuko wake hupasua kasha la betri, na vipande vyake pamoja na tindikali hurushwa usoni kwa yule aliyeinama. Fundi anayepima kwa cheche mara tu betri inapotoka kwenye chaja anaipeleka cheche mahali pale pale penye gesi nyingi kuliko popote.

KUPIMA KWA HAIDROMITA

Haidromita ya betri ni bomba la kioo lenye balbu ya mpira juu na chelezo kidogo ndani yake. Tindikali ikivutwa ndani ya bomba, chelezo huelea. Tindikali ikiwa kali, chelezo hupanda. Ikiwa dhaifu, huzama. Kanuni yake ni ile ile ya Archimedes. Kinachosomwa ni densiti linganishi, yaani uzito wa kimiminika ukilinganishwa na uzito wa maji ya ujazo ule ule.

Volti ya seli iliyopumzika yaweza kukadiriwa kwa kuongeza 0.84 kwenye densiti linganishi. Kwa mfano, seli yenye densiti 1.265 ina volti 2.105, na seli 6 zina volti 12.63. Jedwali lifuatalo limetengenezwa kwa kanuni hiyo.

Hali ya betri — Densiti — Volti
Imejaa — 1.265 — 12.6
Robo tatu — 1.225 — 12.4
Nusu — 1.190 — 12.2
Robo — 1.155 — 12.0
Imekwisha — 1.120 — 11.8

Viwanda vingine, vinapotengeneza betri za nchi za joto, hutia tindikali hafifu zaidi ili mabamba yasiliwe upesi. Betri ya namna hiyo iliyojaa huonyesha takriban 1.23 hadi 1.25. Kwa hiyo maelekezo ya kiwanda hayana budi kusomwa kwanza, kabla betri haijahukumiwa kuwa na upungufu.

Mambo manne yapasa kuzingatiwa katika kupima:

1. Kipimo kisichukuliwe mara baada ya kuongeza maji, kwa kuwa maji mapya hukaa juu na hayajachanganyika na tindikali.

2. Joto lirekebishwe. Kwa kila digrii 1 ya Selsiasi juu ya 25, ongeza 0.0007. Tindikali yenye joto la digrii 35 inayosoma 1.240 ina densiti halisi ya 1.247.

3. Seli zote 6 zipimwe na kuandikwa. Seli moja ikipungua zaidi ya 0.050 kuliko nyingine hata baada ya kuchajiwa, seli hiyo ina kasoro, na betri nzima imekaribia mwisho wake.

4. Tindikali irudishwe katika seli ile ile ilimotoka, na haidromita isuuzwe kwa maji.

KUPIMA KWA VOLTIMITA

Betri nyingi za siku hizi zimezibwa, wala hazina vifuniko vya kufungua. Hizo hupimwa kwa voltimita. Betri yapasa kwanza kupumzika kwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, kwani betri iliyotoka kwenye chaja huonyesha volti za juu zisizo za kweli.

Hata hivyo, voltimita peke yake haitoshi. Betri yenye mabamba yaliyochakaa yaweza kuonyesha volti 12.6 ikiwa imepumzika, kisha ikashindwa kabisa kuzungusha injini. Kwa sababu hiyo hupimwa pia ikiwa kazini. Mtu mmoja huzungusha stata, na mwingine hutazama voltimita iliyounganishwa kwenye ncha za betri. Katika hali ya joto la kawaida la nchi zetu, betri iliyojaa haitarajiwi kushuka chini ya takriban volti 9.6. Ikishuka zaidi, betri imechakaa, au stata yenyewe ina hitilafu. Injini isizungushwe zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja, na gari liwe nje ya gia na breki ya mkono iwe imevutwa.

UTARATIBU WA KUCHAJI

Mahali pa kuchajia pawe na hewa ipitayo, mbali na jiko, sigara na kila chenye moto. Dirisha moja lililo chini halitoshi, kwa maana haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa na hupanda. Tundu la juu ya ukuta lafaa zaidi. Mhudumu avae miwani ya kukinga macho na glavu za mpira, na avue pete na saa. Ndoo ya maji safi iwe karibu.

1. Betri ikitolewa garini, waya uliofungwa kwenye bodi la gari hufunguliwa kwanza. Katika magari mengi huo ni waya wa ncha hasi. Sababu yake ni hii: baada ya waya huo kutoka, spana ikigusa ncha chanya na bodi kwa pamoja haitatoa cheche. Wakati wa kurudisha, waya huo hufungwa mwisho.

2. Ncha zisafishwe, na kina cha tindikali kitazamwe kwa tochi. Mabamba yakiwa wazi, yaongezwe maji yaliyokenekwa hadi yafunikwe tu. Seli hujazwa hadi alama yake baada ya kuchaji, kwa kuwa kina hupanda wakati wa kuchaji. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi ziharibuzo mabamba. Aidha, muuzaji aulizwe kwa uangalifu, maana chupa ya maji ya betri na chupa ya tindikali hufanana. Kinachopungua katika betri isiyomwagika ni maji, tindikali haiongezwi.

3. Chaja ikiwa imezimwa, waya chanya uunganishwe na ncha chanya, na waya hasi na ncha hasi. Ndipo chaja iwashwe. Mwisho wa kazi chaja huzimwa kwanza, kisha vibanio huondolewa. Kwa utaratibu huo hakuna cheche inayoruka penye gesi.

4. Mkondo usizidi sana sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri. Betri ya ampea-saa 60 huchajiwa kwa ampea 6. Ikiwa imebaki nusu, imepungukiwa na ampea-saa 30. Kwa kuwa sehemu ya chaji hupotea, hugawanywa kwa 0.85, na kupata takriban 35. Kwa ampea 6, kazi hiyo huchukua takriban saa 6.

5. Matundu ya hewa ya betri yasizibwe. Tindikali ikizidi joto la digrii 45, mkondo upunguzwe au kazi isimamishwe hadi betri ipoe.

6. Betri imejaa ikiwa seli zote zinatoa mapovu, na densiti haibadiliki katika vipimo vitatu vinavyofuatana, kila kimoja baada ya saa 1. Kuendelea kuchaji baada ya hapo ni kutengeneza haidrojeni tu.

Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja isichajiwe kamwe. Wala chaja ya betri ya risasi isitumike kwa betri za lithiamu, ambazo kemia yake ni nyingine kabisa.

BETRI YA GARI NYUMBANI NA SHULENI

Mahali ambapo umeme wa gridi haujafika, betri ya gari hutumiwa pia kuwashia taa na redio, pengine ikichajiwa kwa jua. Yafaa ieleweke kwamba mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Ikitumiwa mpaka ikaisha kila siku, huharibika upesi. Betri iliyoachwa tupu kwa majuma kadhaa hupatwa na ugonjwa mwingine: salfeti iliyo katika mabamba huwa fuwele kubwa na ngumu ambazo mkondo wa kuchaji hauwezi kuzivunja kwa urahisi. Kwa hiyo mwenye betri ya namna hii asiiache ishuke chini ya volti 12.2, na aichaji mapema. Isitoshe, isiwekwe chumbani mwa kulala.

TINDIKALI IKIMWAGIKA

Tindikali ikiingia jichoni, lioshwe mara moja kwa maji safi mengi yatiririkayo, kope zikiwa zimefunguliwa, kwa dakika zisizopungua 20. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Jicho lisitiwe maziwa, mafuta wala magadi. Ikimwagika mwilini, nguo zivuliwe na ngozi ioshwe vivyo hivyo. Ikimezwa, mgonjwa asitapishwe, apelekwe hospitali.

Ikimwagika sakafuni, magadi yafaa sana. Magadi yapatikanayo katika Ziwa Natron nchini Tanzania na Ziwa Magadi nchini Kenya yana kaboneti ya sodiamu, nayo huizimua asidi:

Na₂CO₃ + H₂SO₄ → Na₂SO₄ + H₂O + CO₂

Magadi hunyunyizwa mpaka mapovu yakome, kisha sakafu huoshwa.

BETRI ILIYOKUFA BADO INA MADHARA

Vipimo vikithibitisha kwamba betri haifai tena, hatari yake haijaisha. Kiasi kikubwa cha uzito wake ni risasi, sumu idhuruyo ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo betri chakavu zilikuwa zikivunjwa na udongo wake kuchekechwa. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015.

Kwa hiyo betri chakavu isivunjwe nyumbani, tindikali yake isimwagwe shambani wala mtoni, na mabamba yake yasiyeyushwe ili kupata chubwi za mishipi. Ihifadhiwe ikiwa imesimama, mahali pasipofikiwa na watoto, hadi ikabidhiwe kwa mnunuzi mwenye kibali cha kushughulikia taka za namna hiyo.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Seli zote za betri zina densiti ya 1.190. Kadiria volti za betri hiyo. (Jibu: takriban 12.2)

2. Betri ya ampea-saa 80 imepumzika na inaonyesha volti 12.0. Ikichajiwa kwa ampea 8, itachukua saa ngapi kujaa? (Jibu: takriban 9)

3. Chumba kilichofungwa kina mita 3 kwa 3 kwa 2.5. Ni lita ngapi za haidrojeni zitakazokifanya chote kifikie asilimia 4? (Jibu: 900) Eleza kwa nini mlipuko waweza kutokea karibu na betri hata kabla ya lita 10 kutoka.

4. Kwa nini magadi hutiwa sakafuni lakini hayatiwi jichoni?

5. Mwalimu apange vipimo vya haidromita na voltimita kwa betri moja ya shule kila juma kwa muda wa muhula mmoja. Wanafunzi wachore grafu ya densiti na volti, kisha waone kama kanuni ya 0.84 inathibitika.